Hyrule: jina la shamba limefutika, umbo limebaki

Leo tuangalie historia iliyofichwa ndani ya mchezo wa video.

Mwaka 1998 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa Ocarina of Time, mmoja kati ya michezo ya Zelda. Katika nchi yake ya kubuniwa, Hyrule, kulikuwa na shamba la mifugo liitwalo Lon Lon, lenye nyumba, zizi na uwanja wa mviringo wa farasi.

Tarehe 3 mwezi wa tatu 2017 ukatoka Breath of the Wild. Humo shujaa Link anaamka baada ya kulala miaka 100, akakuta adui Ganon ameharibu nchi. Katikati ya Hyrule kuna kuta zilizoanguka. Ramani inaandika tu «magofu ya shamba». Lakini uwanja na nyumba vimepangwa vilevile: aliyecheza zamani anatambua kuwa ni Lon Lon. Saria na Mido, watoto wa mchezo wa 1998, wamebaki kuwa majina ya ziwa na kinamasi.

Bila mtu anayekumbuka, magofu ni mawe tu. Wazazi mlio mbali na vijiji vyenu, watajieni watoto majina ya milima, mito na mashamba ya kwenu.