Sitara ya Dirisha: Nakshi za Kioo cha Ukungu katika Nyumba ya Saltley



Wazee wetu walipoondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, waliacha nyuma yao nyumba ya Mji Mkongwe pamoja na mlango wake wa nakshi: miimo iliyochongwa mnyororo, na juu yake safu ya maua. Nyumba nyingi za namna hiyo zilitaifishwa, nasi mlango wetu hatukupata kuuona tena. Hata hivyo sura yake tunayo. Ilihifadhiwa kwenye kioo cha dirisha huko Saltley, mjini Birmingham.

Saltley ni mtaa wa wafanyakazi. Mwaka 1845 Joseph Wright alianzisha hapo kiwanda cha mabehewa ya reli, na baadaye mtaa ukajaa nyumba za matofali mekundu zilizoungana kwa safu. Sebule ya nyumba yetu ilikuwa karibu na njia, hata mpita njia aliweza kuona chai ikimiminwa. Kwa bibi yetu, aliyelelewa katika nyumba ambamo mgeni huishia barazani mpaka akaribishwe, huo ulikuwa mtihani mkubwa. Pazia zito lilimpa sitara, lakini lilizuia mwanga, nao ni haba katika majira ya baridi. Alitaka sitara isiyozima nuru.

Waingereza walikuwa na jawabu la zamani: kioo cha ukungu. Mwaka 1771 mkemia Carl Wilhelm Scheele alichunguza asidi ya haidrofloriki, ambayo hula kioo. Mwaka 1870 Mmarekani Benjamin Tilghman alipata hataza ya kuchonga kwa mchanga unaopulizwa kwa kasi. Huko Smethwick, upande wa pili wa Birmingham, kiwanda cha Chance Brothers, kilichotoa karibu vioo 300,000 vya jengo la Crystal Palace la mwaka 1851, kilitengeneza pia vioo vyenye michoro. Lakini hayo yalikuwa mambo ya viwandani. Asidi ile hupenya ngozi hadi mfupani, wala haifai kuwekwa jikoni.

Njia ya nyumbani bibi alifundishwa na jirani Mwingereza: chumvi ya haluli iyeyushwe katika bia, kisha ipakwe kiooni; ikikauka hufanya fuwele kama sindano za barafu. Bibi aliipokea elimu, akaikataa bia. Alitumia maji ya moto, akitia chumvi mpaka maji yakashindwa kuyeyusha zaidi, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Alikata nakshi kwenye karatasi kwa mkasi, akaibandika upande wa ndani wa kioo, akapaka kwa pamba sehemu zilizo wazi. Karatasi ilipobanduliwa, mnyororo wa Unguja ulizunguka dirisha, na maua yakakaa juu yake.

Nakshi hiyo haikudumu. Katika baridi kioo hutoka jasho kwa ndani, na chumvi huyeyuka. Kwa hiyo kabla ya kila Idi ilibidi ipakwe upya, nasi watoto tulishika pamba na bakuli. Hivyo ndivyo sisi tuliozaliwa Uingereza, ambao hatukuwahi kuugusa mlango ule, tulivyoujua kwa mikono yetu.

Leo bibi hayupo, na dirisha limebadilishwa. Madukani kuna krimu ya kulia kioo, inayotaka glavu na tahadhari, na alama yake haifutiki. Nilikusudia kuitumia ili nakshi ibaki daima. Lakini jamaa zetu wa Maskati wameniambia kwamba kila ua la mlangoni lilikuwa na petali nane, ilhali karatasi ya bibi ina kumi na mbili. Alikata kwa kumbukumbu tu, baada ya miaka mingi ya ugeni.

Basi nawaomba, enyi ndugu: fungueni masanduku na albamu. Mwenye picha ya harusi iliyopigwa mbele ya mlango ule aitazame nyuma ya bibi harusi, atuhesabie petali. Mpaka hapo nitaendelea na chumvi ya haluli, kwani kosa lake hufutwa kwa kitambaa chenye maji.