Uchungu wa Mshale

Msikilizaji, neno uchungu hatuliachi mdomoni: uchungu wa dawa, wa kufiwa, wa uzazi. Wagiriama hulitamka utsungu, na kwao lina kazi nyingine: ndilo jina la sumu ya mshale. Ukambani sumu hiyo ni ivai. Wasomali huiita waabaayo.

Hutoka katika mti wa nyika wenye majani magumu na maua meupe yanayonukia. Wajuzi hukatakata matawi na mizizi, wakavichemsha kwa saa nyingi hadi ibaki tope nyeusi kama lami. Hupakwa nyuma ya chembe ya mshale na kufungwa kwa ngozi nyembamba, isikauke wala isimkwaruze mwenyewe. Kuipima, fundi hujichanja mguu, akaiacha damu itiririke, kisha akagusisha sumu mwisho wa mchirizi. Damu hugeuka nyeusi ikipanda juu, naye huifuta haraka kabla weusi haujafika kwenye jeraha. Kipimo hicho, nadhani, hakihitaji cheti! Ikiingia mwilini husimamisha moyo. Hata hivyo nyama huliwa, baada ya kukatwa pale palipochomwa, kwa kuwa tumboni sumu hiyo haina nguvu sana.

Ulaya iliipokea kwa heshima. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud alitenga kiini chake, kikaitwa ouabain, kutokana na lile neno la Kisomali. Kabla yake John Kirk, aliyekuja kuwa balozi wa Uingereza Unguja, alikuwa katika msafara wa Livingstone. Mswaki wake uligusana na kombe, sumu ya mmea mwingine wa bonde la Shire; alipopiga meno aliona mapigo ya moyo yamepungua. Kombe ikazaa dawa ya moyo.

Kwa Waata wa nyika ya Tsavo, ambao wengine waliwaita Waliangulu, mambo yalikwenda kinyume. Wao waliangusha ndovu kwa sumu hii na pinde ngumu mno. Mwaka 1948 nchi yao ikawa mbuga ya taifa, na mwindaji akawa jangili bila kuhama kwao. Katika msako wa 1956 na 1957 wengi walifungwa. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wawinde kihalali, lakini maisha yale hayakurudi. Mwaka 1977 Kenya ikapiga marufuku uwindaji, na mafundi wa utsungu wakabaki na ujuzi usio na kibarua.