Nembo ya Taifa kwa Udongo wa Mfinyanzi

Vigae hivi vimefinyangwa darasani na wanafunzi. Kila kigae kina sehemu moja ya Nembo ya Taifa ya Tanzania: Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni mwa Mlima Kilimanjaro mwaka 1961, bendera, mkuki, shoka na jembe, pembe za ndovu. Bwana na bibi walioshika pembe hizo wamesimama juu ya mlima huo. Miguuni pa bwana pana mkarafuu, miguuni pa bibi pana mpamba.

Udongo ulikandwa, ukafinyangwa, ukaanikwa kivulini usipasuke, kisha ukachomwa. Ufundi huu ungali hai mikononi mwa wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa.

Gusa vigae kwa uangalifu, kisha usome kaulimbiu: Uhuru na Umoja.