Gari jipya likitoa sauti usiyoielewa, usikawie kulalamika

MWANZO wa ngoma ni lele. Mnunuzi aliyelipa mamilioni ya shilingi ili kuepuka matatizo ya magari makuukuu hufadhaika mno anaposikia mgongo au mlio asioufahamu katika gari ambalo halijamaliza hata mwezi barabarani.

Wengi hukosea kwa njia mbili. Baadhi hunyamaza wakitumaini kwamba mlio huo utakwisha wenyewe. Wengine hukimbilia fundi wa mtaani, ambaye hufungua boliti kabla muuzaji hajaarifiwa. Makosa yote mawili yanaweza kumgharimu mnunuzi haki yake.

La kwanza ni kutambua kwamba si kila sauti ni hitilafu. Gari linapoondoka asubuhi, mfumo wa breki zisizofunga magurudumu hujipima wenyewe, na dereva anaweza kusikia mguno mfupi. Injini inapozimwa, bomba la moshi hulia tik-tik chuma kinapopoa na kunywea. Feni ya rejeta nayo yaweza kuendelea kuzunguka. Katika baadhi ya magari, pampu inayokagua uvujaji wa mvuke wa petroli huvuma saa kadhaa baada ya gari kuegeshwa, jambo ambalo huwashtua wenye magari usiku. Breki zilizolala kwenye mvua pia hukwaruza hadi kutu nyepesi iliyo juu ya diski iondoke. Mengi ya haya yameelezwa katika kitabu cha mwongozo, ambacho wanunuzi wengi hawakifungui.

Hata hivyo, zipo sauti zisizofaa kupuuzwa. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka huenda ukatoka kwenye tairi au beringi ya gurudumu. Mlio wa kak-kak usukani unapokatwa hadi mwisho waweza kuashiria kasoro katika viungo vya ekseli. Magari mengine hufungwa vizuizi kwenye springi ili yasiyumbe yakisafirishwa. Vizuizi hivyo visipoondolewa kabla ya mnunuzi kukabidhiwa gari, husababisha mwendo mgumu na migongo.

Iwapo kelele zinaandamana na taa nyekundu kwenye dashibodi, harufu ya kuungua, usukani kutetemeka au breki kulegea, dereva anapaswa kuegesha mahali salama na kuagiza gari livutwe. Kuliendesha hadi gereji ni kuhatarisha maisha.

Kelele zisipokuwa za hatari, hatua inayofuata ni kukusanya ushahidi. Mwenye gari aandike tarehe, kilomita zilizosomeka, mwendo, hali ya barabara na iwapo injini ilikuwa baridi au moto. Aondoe kwanza jeki, chupa na sarafu zilizolegea, kisha amwombe abiria arekodi sauti hiyo kwa simu. Gari lina desturi ya kunyamaza mbele ya fundi. Rekodi humwondolea mwenyewe fedheha ya kuambiwa kwamba anasikia ndoto.

Anapolipeleka kwa muuzaji, asiache ufunguo na kuondoka. Aombe kuandamana na fundi barabarani hadi sauti isikike. Fomu ya kazi inakili malalamiko kwa maneno yake, na nakala yake aiweke, hata kama jibu ni kwamba hakuna kasoro iliyoonekana. Asiruhusu mtu mwingine kulifungua gari kabla ya hapo, kwa kuwa muuzaji anaweza kudai kwamba kasoro ilisababishwa na fundi huyo.

Sheria iko upande wa mnunuzi anayefanya mapema. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamchukulia muuzaji kuwa ameuthibitisha ubora huo. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humhesabu mnunuzi kuwa ameikubali bidhaa iwapo amekaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumjulisha muuzaji kwamba ameikataa. Kimya, kwa hivyo, huweza kugeuka ridhaa.

Muuzaji akikataa kurekebisha, mnunuzi aandike barua rasmi, nakala kwa kampuni iliyounda gari. Asiporidhika, anaweza kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Madai ya fedha yasiyozidi Sh1 milioni, kama vile gharama za ukarabati, husikilizwa katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyobuniwa na sheria ya 2016.

Huko kote, swali la kwanza litakuwa ni lini mnunuzi alilalamika na nini kinachothibitisha hayo. Fomu ya kazi yenye tarehe ya juma lile lile sauti iliposikika ndilo jibu bora zaidi.