Kompyuta Aliyevaa Gauni

Hebu mwambie kijana wa leo kwamba zamani kompyuta ilivaa gauni na kupokea mshahara. Atakucheka! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Huko Marekani, kabla ya neno hilo kuwa la mashine, lilikuwa jina la kazi: kompyuta alikuwa mtu wa kupiga hesabu.

Dorothy Vaughan alikuwa mmoja wao. Alizaliwa 1910, akamaliza Chuo Kikuu cha Wilberforce 1929, akawa mwalimu wa hesabu katika shule ya sekondari mjini Farmville, jimbo la Virginia. Desemba 1943, vita vikiwa vimepamba moto, akaajiriwa katika maabara ya utafiti wa ndege ya Langley. Amri ya Rais Roosevelt ya 1941 ilikuwa imekataza ubaguzi wa rangi katika kazi za ulinzi, basi mlango ukafunguka. Ukafunguka nusu tu. Ndani, wanawake weusi walitengewa ofisi yao, choo chao na meza yao ya kulia. Mwaka 1949 Bi Dorothy akapewa kuwaongoza, msimamizi wa kwanza mweusi katika taasisi ile.

Halafu ikaja mashine. Miaka ya 1950 Langley ilianza kuingiza kompyuta za IBM, na hesabu ya siku nzima ikawa ya muda mfupi. Sasa wewe fikiria: kazi unayoijua kuliko zote inafanywa na kabati la chuma lisiloomba likizo. Wengi wetu tungebaki kulalamika mpaka kibarua kiote nyasi. Mwenzetu aliona wembe unakuja, akatia maji mapema. Alijifunza FORTRAN, lugha ya programu ambayo IBM waliitoa 1957. Na hapa ndipo habari yake inaponigusa: hakuificha. Aliwafundisha wanawake aliofanya nao kazi, ili mashine ikiingia wao wasitoke, wawe ndio wa kuiamrisha. Yule mwalimu wa Farmville akarudi darasani bila kutoka kazini.

Mwaka 1958 taasisi ikageuzwa kuwa NASA, na ile ofisi ya kutengwa ikavunjwa. Ushindi, naam. Lakini cheo chake nacho kikaenda. Bi Dorothy akabaki mtaalamu wa FORTRAN. Alitafuta uongozi mwingine pale Langley, hakuupata mpaka akastaafu 1971. Alifariki 2008. Medali ya Dhahabu ya Bunge la Marekani ilipitishwa kwa sheria ya 2019, mwenyewe keshazikwa.

Cheo walikichukua. Lakini ule ujuzi alioutia vichwani mwa wenzake, nani angeuvunja? Sisi tunaoshika kalamu leo tunatishwa kila siku kwamba mashine itatuandikia hata hadithi zetu. Haya, tujifunze hiyo mashine. Ila tukishaijua, msomaji mwenzangu, tutamwita nani aje akae karibu atazame?