Boom bado, mwenzenu naenda Nile

Boom halijaingia, ila mwenzenu niko Misri kwa mawazo. Napanga safari ya meli ya watalii, Luxor mpaka Aswan, siku tatu nne hivi, mahekalu njia nzima.

Kumbe mambo haya ni ya zamani. Kabla ya meli za moshi mgeni alikodi mashua ya tanga, akavutana na nahodha kuhusu bei, akangoja upepo. Wengine waliizamisha kwanza mtoni ili panya wafe! Mwaka 1869 Mwingereza Thomas Cook akapeleka kundi lake la kwanza. Basi ikawa tiketi moja tu: kitanda, chakula, na siku ya kurudi unaijua.

Sasa kilichoninyima usingizi. Mwaka 1884 serikali ya Uingereza iliipa kampuni hiyohiyo kazi ya kupandisha askari Nile, wakamwokoe Gordon kule Khartoum. Walichelewa, mji ukaanguka Januari 1885. Lakini angalieni jamani: aliyezoea kulaza na kulisha watalii mtoni ndiye aliyefaa kubeba jeshi. Nikienda kufundisha Form Three, ugawaji wa Afrika naanzia hapo, kwenye tiketi.

Meli bado naitaka, siwadanganyi. Boom likiingia mtanisikia.