Sadaka Isiyomfunga Maskini: Kazi ya Huruma katika Bonde la Kilombero

Mtu ashukaye kutoka milima ya Udzungwa huliona bonde la Kilombero limetandazwa mbele yake, na ng'ambo ya pili milima ya Mahenge. Nchi hii haikunyimwa kitu na Muumba. Wandamba huvua samaki kwa mitumbwi yao. Wambunga na Wapogoro hulima mpunga. Na kila masika mto hufurika na kuutia udongo rutuba mpya. Basi mgeni huuliza: Ikiwa nchi yazaa hivi, umaskini wa watu wake ulitoka wapi?

Jibu ni kwamba maji yale yale yaleteayo mpunga huleta na mbu. Katika sakafu za udongo walijificha papasi, waletao homa yenye kurudi mara kwa mara, na porini mlikuwa na ndorobo waenezao malale. Mkulima aliyelala kwa homa katika majuma ya kupanda hukosa chakula mwaka mzima, nao watoto wake hukosa pamoja naye. Tena vita vilipita hapa. Katika mwaka 1905 watu wa Mahenge na Kilombero waliingia katika vita ya Maji Maji, na baada yake ikafuata njaa kali. Kabla majonzi hayo hayajasahauliwa, ikaja vita kuu ya 1914, nayo majeshi yakala chakula cha wenyeji na kuchukua wanaume wao kuwa wapagazi. Kwa hiyo umaskini wa bonde haukuwa uvivu wa watu. Kila afanyaye kazi ya huruma yampasa kulijua neno hili kwanza, asije akawahukumu wale aliokuja kuwasaidia.

Misioni ya Kwiro, karibu na Mahenge, ilianzishwa na Mapadre Wabenediktini mwaka 1902, na kutoka milimani Injili ikashuka mpaka Ifakara. Baada ya vita Mapadre wale, kwa kuwa walikuwa Wadachi, waliondolewa na Waingereza. Katika mwaka 1921 wakaja badala yao Wakapuchini wa Uswisi, na pamoja nao Masista wa Baldegg. Wakapuchini ni wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, naye katika wasia wake, aliouandika mwaka 1226 karibu na kufa kwake, alikumbusha mambo mawili: kwamba Bwana alimwongoza kwenda kati ya wagonjwa wa ukoma akawahurumia, na kwamba yeye mwenyewe alifanya kazi kwa mikono yake, akataka na ndugu zake wafanye vivyo hivyo. Huruma na kazi, basi, ni mapokeo mamoja. Habari za Ifakara zaonyesha jinsi ilivyo vigumu kuyashika yote mawili pamoja.

Kazi ilianza kwa vitu vidogo: kuosha vidonda, kugawa dawa, kufundisha watoto kusoma. Huko Ifakara zahanati ikakua hata ikawa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Katika miaka ya 1940 na 1950 iliongozwa na Daktari Karl Schöpf, mtu wa Austria. Wagonjwa walikuja kwa miguu na kwa mitumbwi. Lakini hospitali iliyo na daktari mmoja ni kama kisima kimoja katika nchi kavu: waliokaa karibu wanywa, walio mbali wafa kwa kiu. Tena daktari huyo akirudi kwao, ujuzi wake huondoka naye.

Katika mwaka 1949 alifika Ifakara Profesa Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto ya mji wa Basel. Alikuja kuchunguza papasi na wadudu wengine waletao magonjwa, na mwaka 1957 ikafunguliwa maabara karibu na hospitali ya misioni. Kisha mwaka 1961, mwaka ule ule wa Uhuru wa Tanganyika, kikafunguliwa Ifakara kituo cha kuwafundisha vijana wa nchi kazi ya uganga. Hapo pana badiliko kubwa, ijapokuwa halikupigiwa ngoma. Mwanzoni mgeni alimtibu mwenyeji; sasa mwenyeji alifundishwa kumtibu jirani yake. Mafunzo hayo baadaye yakachukuliwa na Serikali. Maabara nayo ikawa chombo cha Kitanzania mwaka 1996, na tangu mwaka 2008 yaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2010 kikaanzishwa hapo hapo chuo kikuu kishiriki cha Mtakatifu Fransisko, kinachofundisha madaktari. Mtoto wa bonde aweza leo kusomea udaktari pale pale ambapo babu yake alibebwa kwa machela.

Tuwatazame na wagonjwa wa ukoma. Ifakara yako makao yao yaitwayo Nazareti. Zamani ugonjwa huu haukuwa na dawa ya kweli. Baada ya vita kuu ya pili ikaenea dawa iitwayo dapsoni, na tangu miaka ya 1980 uko mchanganyiko wa dawa, ambao leo huponya kwa muda wa miezi sita au kumi na miwili. Lakini dawa huua vijidudu tu. Haimrudishii mtu vidole vilivyokatika, wala haiwafundishi jamaa zake kumkaribisha tena chunguni. Mtu aliyepona naye aogopwa kisimani hajapona bado, kwa maana umaskini wake sasa umo katika macho ya jirani. Hapa sadaka ya fedha haitoshi. Yapasa apewe kazi iwezayo mikono yake, viatu vya kulinda miguu isiyosikia maumivu, na mahali pake katika kanisa na katika baraza.

Laiti ingekuwa kila mara kumwezesha mtu ni kumwambia tu ajitegemee! Habari ya vyandarua yatuonya. Katika mwaka 1997 watafiti wa Ifakara walianza kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, chini ya jina la Zuia Mbu. Hawakuvigawa bure. Viliuzwa kwa bei iliyopunguzwa, kwa mikono ya wenye maduka na viongozi wa vijiji, kwa fikira kwamba mtu hutunza alichokinunua, na kwamba duka litabaki hata wafadhili watakapoondoka. Fikira hiyo ilikuwa na haki yake. Kabla ya kazi hiyo, katika watoto wachanga mia hawakufika kumi waliolala ndani ya chandarua chenye dawa. Baada ya miaka mitatu walizidi hamsini. Na ilionekana ya kuwa chandarua hicho kiliongeza usalama wa maisha ya watoto walio chini ya miaka mitano kwa sehemu 27 katika mia.

Hata hivyo bei ndogo kwa mwenye shamba kubwa ni bei kubwa kwa mjane. Wenye nafasi walitangulia kununua, na maskini kabisa wakabaki nyuma. Kwa hiyo wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za kupunguza bei, na desturi hiyo ikaenezwa nchi nzima tangu mwaka 2004. Miaka michache baadaye Serikali ikagawa vyandarua bure, kwanza kwa watoto wadogo, kisha kwa nyumba zote. Je, waliouza walikosea, au waliogawa ndio waliokosea? Wala hawa wala wale. Kuuza kulijenga duka na desturi. Kugawa kulimfikia yule ambaye duka halikumfikia. Kosa lingekuwa kuliabudu neno la kujitegemea hata mtoto wa maskini afe kwa kukosa shilingi.

Msamaria Mwema wa Injili alifanya yote mawili. Alimfunga majeruhi vidonda vyake bila kumwuliza mali yake. Kisha akamlipia mwenye nyumba ya wageni, mtu akiisha kupona aondoke kwa miguu yake. Naye Mtume Paulo, aliyekusanya sadaka kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, alishona mahema apate riziki yake.

Kanisa lenyewe lilipita njia hiyo. Lililolelewa kwa fedha na watu wa Uswisi likapata Askofu wake mwenyeji, Elias Mchonde, Jimbo la Mahenge liliposimamishwa mwaka 1964. Na mwaka 2012 Ifakara ikawa jimbo la peke yake chini ya Askofu Salutaris Libena. Parokia inayongoja kila bati litoke Ulaya ingali mtoto. Lakini parokia inayojenga kanisa zuri kwa mikono yake, huku mgonjwa wa jumuiya akilala njaa nyuma ya ukuta, imekua kimo tu, moyo haujakua.

Ninyi wazee wa parokia na ninyi waalimu, mnapopanga kazi ya huruma, jiulizeni maswali matatu. Kwanza: huyu tunayemsaidia, ni nini hasa kilichomwangusha: homa, deni, mafuriko, au kutengwa na watu? Kwa maana dawa ya moja si dawa ya jingine. Pili: msaada huu ukikoma mwakani, atabaki na nini mkononi, jembe, ufundi, mbegu, au kumbukumbu tu? Tatu: ni nani asiyeweza kabisa kuifikia bei tuliyoiweka? Huyo apewe bure, tena kwa siri na kwa heshima, pasipo kumwita mbele ya watu apige magoti na kushukuru.

Waliotutangulia walikuja na bandeji na kitabu cha kusomea, wakaacha hospitali, chuo na waganga waliozaliwa katika nchi hii. Sisi tutaacha nini? Msimu wa kupanda mpunga hauko mbali, na katika kila jumuiya yuko mtu ambaye shamba lake litalala pori mwaka huu kwa sababu mwenyewe yu mgonjwa. Jumuiya na ikalilime shamba hilo sasa, apate mavuno yake mwenyewe, na mwakani awe mmoja wa walimao kwa ajili ya mwingine.